Shanga Mia za Bwana Otto

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu imekaa barazani kwa Aurelia Mapunda, hapa Lizaboni, mwaka wa kumi na moja huu, na muda wote huo nimemsikia akisali kupitia dirisha lililo nyuma ya kisogo changu. Mimi ni Mwislamu wa Nakapanya, ndoa ndiyo iliyonileta Songea, lakini ukiniamsha ghafla nitakusomea Salamu Maria yote bila kukosa neno. Mume wangu Azizi nilipomwambia hivyo hakucheka hata kidogo.

Watu wakimtaja Aurelia husema "yule mama wa rozari," kana kwamba hana kingine maishani. Anacho. Alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka thelathini na mmoja. Alifua mashuka ya wagonjwa, akawalisha wasio na wa kuwalisha, akawafumba macho waliokufa kabla ndugu zao hawajashuka kwenye basi. Ni mrefu, ana mikono mikubwa, na ulimi wake haumwogopi mtu. Mteja wangu akija na kitambaa kidogo na mwili mkubwa, mimi namumunya maneno, Aurelia anamwambia kutoka ndani, "Mama, ongeza mita moja, tusidanganyane." Amenifukuzia wateja wawili kwa mdomo wake, na ameniletea kumi waliokuja kwa sababu ya kumsikiliza yeye.

Ila ni kweli kwamba rozari ilimtawala. Mtu akizidiwa, mjukuu akiwa na homa isiyoshuka, mwanamke akipitiliza siku za kujifungua, wanamfuata Aurelia. Anaosha mikono, anavaa kitenge safi, anaitoa rozari kwenye kimfuko chake cha kaniki na kwenda nayo, hata mvua ikinyesha. Amekwenda nayo Mshangano kwa miguu wakati bodaboda bado hazijaujaza mji huu. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba ana zamu nyingi kuliko daktari. Alikuwa akinijibu kwamba daktari anakwenda likizo.

Rozari yenyewe haikufanana na za wenzake. Ilikuwa ndefu, inamfika magotini akiivaa shingoni, ya punje nyeusi za mbao zilizolainika kwa vidole vya vizazi vinne. Pale inapofungwa ilikuwa na kimkia chenye punje kumi ndogo za shaba zinazopanda na kushuka. Msalaba wake ulikuwa mpya kuliko punje, uliongezwa na padre mmoja wa zamani baada ya kuona rozari haina, akidhani ulidondoka. Ukoo wa Mapunda ulikuwa na maelezo kwa kila kitu. Zile shaba kumi, kwa mfano, walisema ni Amri Kumi za Mungu.

Na hadithi yake nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia na kikohozi cha Aurelia katikati. Kabla ya vita vya Majimaji alikuja Mzungu wa vipepeo, jina lake Bwana Otto. Alikuwa na wavu, miwani na sanduku la kioo. Babu yake baba wa Aurelia, aliyekuja kubatizwa Yohanes, ndiye aliyembebea lile sanduku miezi minane, toka huku hadi kule ziwani na kurudi, milima yote na mabonde yote. Na jambo lililomshangaza Yohanes kwa Mzungu yule ni kwamba alisali kutwa nzima. Alikuwa akitembea na shanga mkononi, midomo ikichezacheza, macho mbele. Ukimsemesha alikasirika vibaya sana, kama padre aliyekatizwa katikati ya misa. Kwa hiyo Yohanes aliwakataza wapagazi wenzake wasimsemeshe mtu wa Mungu akiwa njiani, wakatii.

Siku ya kuagana, Bwana Otto alimpa Yohanes zile shanga na kumwambia, "Mimi nimemaliza." Yohanes alielewa kwamba sasa ni zamu yake. Akaenda misheni akiwa nazo shingoni, akaomba afundishwe namna ya kuzitumia. Mapadre wakamfundisha, wakambatiza, na yeye akaweka sheria nyumbani kwake: kumi la kwanza la kila sala, yaani Salamu Maria kumi za mwanzo, litolewe kwa roho ya Bwana Otto. Ikawa hivyo. Kutoka kwa Yohanes rozari ilikwenda kwa binti yake, kutoka kwake kwa shangazi Adela, kutoka kwa shangazi Adela kwa Aurelia. Zaidi ya miaka mia, kila siku, kumi la kwanza ni la Mzungu yule.

Sasa nieleze habari ya Saimon, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa kilichotokea.

Wakati wa vita, watu wa ukoo wa Mapunda na wa koo nyingine chache, wengi wao wanawake na watoto, walijificha kwenye pango moja mlimani pamoja na chakula chao. Askari wa Wajerumani wakafika pale moja kwa moja, wakawasha moto mlangoni. Mama yake Yohanes alikufia mle na dada zake wanne. Pango lilikuwa la siri, hata jirani wa mlima wa pili hakulijua. Basi ni nani aliyewaonyesha? Watu walitafuta wakaona kwamba kuna mwanamume mmoja wa ukoo wa Gama, aliyelijua pango, ambaye siku ile hakuwemo. Alisema alikwenda kutafuta chumvi. Akarudi na chumvi yake mgongoni akakuta majivu, na hakuna aliyemwamini. Yohanes naye hakuwemo pangoni, alikuwa misheni. Huyo hakuulizwa. Nani amuulize mwenye rozari?

Tangu hapo hakuna Mapunda aliyeoa wala kuolewa kwa kina Gama. Si Mapunda tu, na koo nyingine zilizopotelewa na watu mle. Kina Gama wakaitwa wauza watu. Waziwazi waliitwa hivyo zamani, siku hizi husemwa kwa kukunja mdomo tu, lakini mtoto wa miaka saba anajua.

Na ndiyo bahati mbaya ya Aurelia, kwamba mwanamume aliyempenda alikuwa Saimon Gama, dereva wa malori, mwenye mwanya na sauti ya kwaya. Aliposa mara tatu. Mara ya kwanza wajumbe wake walirudishwa kutoka njiani. Mara ya pili waliachwa wamesimama uani bila kupewa hata kigoda. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, peke yake, na shangazi Adela akamtoa Aurelia nje na kumwambia ampe jibu kwa kinywa chake. Aurelia alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alimjibu, "Siwezi kuzaa na watu waliomchoma bibi yangu." Hilo aliniambia mwenyewe siku moja ya mvua, tukiwa hatuna mteja, na alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Saimon alioa kwingine, akazaa, akafiwa na mkewe, yuko Mshangano. Aurelia hakuolewa. "Nilisali mapenzi yanitoke," aliniambia. "Nilisali hii hii rozari miaka miwili, Saimon anitoke moyoni." Nikamuuliza kama alitoka. Akaniambia nishone nguo za watu.

Mwaka jana uzi wa rozari ulikatika. Aurelia alinikabidhi punje zote ndani ya bakuli kama mtu anayekabidhi kitoto kichanga, akasema nitunge upya na nisithubutu kupoteza hata moja. Mimi kazi yangu ni vifungo, kwa hiyo nikahesabu kwanza. Nikahesabu tena. Bila zile shaba zilikuwa mia kamili, na kila ya kumi ni kubwa kidogo. Nikamwita dirishani.

"Dada Aurelia, rozari yenu ya kawaida ina punje ngapi?"

"Hamsini na tisa."

"Na tasbihi yetu ni tisini na tisa. Hii ina mia. Si yenu, si yetu."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha. "Nyie na tasbihi zenu! Makumi kumi hayo, mtu wa Mungu alikuwa anasali mara mbili yetu." Nikatunga kwa uzi wa nailoni, nikapiga mafundo mawili, nikasahau. Hadi leo najilaumu kwa kusahau haraka vile, ingawa sijui ningefanya nini.

Hakusahau Hilda. Huyu ni binti wa kaka yake Aurelia, amelelewa nyumba hii hii, anafundisha historia chuo kikuu huko Dar es Salaam, na ndiye atakayeirithi rozari. Alipoambiwa ile hesabu ya mia, akaomba atumiwe picha ya rozari na kuanza kumtafuta Bwana Otto. Akampata. Daftari zake za safari zilikuwa zimehifadhiwa Ujerumani, zimepigwa picha kurasa zote na kuwekwa kwenye mtandao. Mwandiko ulikuwa wa kizamani, Hilda hakuweza kuusoma, ila alipata mzee mmoja mstaafu huko aliyeuweza, akawa anamtumia tafsiri kwa Kiingereza, kidogo kidogo. Kurasa za mwanzo zilikuwa nzuri mno. Zilikuwa na vipepeo, mvua, homa, na mahali fulani pameandikwa kwamba mbeba sanduku ni kijana mwaminifu asiyeiba hata sindano. Aurelia aliposomewa hilo kwenye simu alipiga vigelegele peke yake jikoni.

Kosa likafanyika hapo. Hilda alikuja likizo mwezi wa saba, na Aurelia akaamua kwamba daftari lisomwe mbele ya jumuiya nzima, majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, Jumapili mchana, nyumbani kwake. Alitaka watu wamsikie babu yake akisifiwa na mtu mtakatifu. Akapika wali, akachemsha togwa, akaazima viti. Nami nilialikwa, nikasimama mlangoni na kikombe changu. Baridi ilikuwa kali, watu wamejifunga makoti na mablanketi, mwenyekiti wa jumuiya, mzee Fulgence, amevaa suti yake ya Pasaka.

Walianza kwa sala, kumi la kwanza kwa roho ya Bwana Otto kama kawaida. Kisha Hilda akasimama na simu. Akasema mzee wa Ujerumani amemaliza kazi na kurasa zilizobaki zimeingia asubuhi ile ile, yeye mwenyewe hajazisoma, kwa hiyo watazisikia pamoja. Watu wakapiga makofi.

Alikuwa akisoma Kiingereza kwa macho na kusema Kiswahili kwa mdomo, polepole. Kurasa mbili zilipita za mito na milima. Halafu akasoma hivi:

"Mbeba sanduku wangu anaamini kwamba ninasali. Amewaambia na wenzake. Sasa hakuna anayenisemesha njiani, na hesabu yangu haikatiki tena. Nimewaacha waamini."

Kuna mtu alicheka kidogo, akidhani ni utani wa Kizungu. Aurelia alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti chake, mikono imekumbatia rozari mapajani.

"Hesabu gani?" akauliza.

Hilda alishusha macho kwenye simu, na niliona uso wake ukibadilika kabla ya mdomo wake. "Kila hatua mia, punje moja," akasoma. "Punje mia zikiisha, nashusha shaba moja. Leo shaba mbili na punje arobaini na moja, kutoka kisimani hadi mlango wa pango. Pango linaingiza watu mia mbili na akiba yao. Mlango ni mmoja. Vipepeo nimewatupa leo, sanduku linahitajika kwa karatasi."

Kikombe changu kiliinama, togwa ikanimwagikia mguuni, sikuisikia. Nilikuwa nikiziangalia zile punje. Ni mimi niliyezihesabu. Ni mimi niliyepiga fundo.

Mzee Fulgence akanyanyua mkono kama yuko darasani. "Mwalimu Hilda, labda tafsiri ina kasoro. Kiingereza nacho si lugha yao hao Wajerumani. Tuahirishe, tule kwanza."

"Shangazi, tuache," Hilda akasema.

"Soma," akasema Aurelia.

"Shangazi…"

"Nimeshasema soma. Umeanza mbele za watu, maliza mbele za watu."

Akasoma. Ilikuwepo siku ya kuagana. Bwana Otto aliandika kwamba ramani zote ziko kwa kapteni wa jeshi, uzi wa punje hauhitaji tena, amempa mbeba sanduku, naye ameupokea kwa mikono miwili amepiga magoti, jambo lililomfurahisha sana. Na mwisho kabisa, pembeni mwa ule ukurasa wa pango, palikuwa na maneno yaliyoongezwa miaka miwili baadaye kwa wino mwingine. Hilda aliyasoma amesimama.

"Nimepata barua ya kapteni. Wenyeji waliokamatwa walipigwa sana, hakuna hata mmoja aliyesema, wala hawakuhitajika. Askari walifuata ramani yangu. Pango lilikuwa pale pale. Kosa langu halikuzidi hatua thelathini."

Nimesikia mengi maishani. Nimezika watoto wawili. Lakini ubaridi ulionipata pale, kumsikia mtu aliyekufa zamani akijisifu kwa zile hatua thelathini, sijawahi kuupata. Wanawake walianza kulia, si kwa sauti, ila ile ya kuvuta pumzi. Mmoja alikuwa akirudia tu, "Tumemsalia. Jamani, tumemsalia asubuhi na jioni."

Aurelia hakulia. "Rudia hapo pa waliopigwa," akasema.

"Hakuna hata mmoja aliyesema, wala hawakuhitajika."

"Hakuna?"

"Hakuna, shangazi. Hakuna aliyewauza."

Aurelia akatamka jina moja kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha motoni. "Saimon."

Mzee Fulgence alisimama haraka. Ana akili ya mikutano yule, anajua pa kuziba. Akasema rozari ilishabarikiwa na padre, kwa hiyo ya Mzungu ni ya Mzungu na ya Mungu ni ya Mungu. Akauliza wangapi wamepona kwa rozari ile, wakahesabiwa. Akasema watu wana imani changa, tusiwavunje moyo, na mambo ya koo ni ya zamani, waliohusika wamekufa wote. "Naomba haya yaishie humu humu ndani," akamaliza, na kuna waliotikisa vichwa kukubali. Mimi si wa jumuiya yao, nilipaswa kunyamaza, lakini mguu wangu ulikuwa umeshaingia ndani ya mlango.

Aurelia akanitangulia. Alisimama na urefu wake wote.

"Fulgence, rozari siizungumzii. Mungu anajua tulikuwa tunamwita yeye. Nazungumza habari ya kina Gama. Wewe ulimkataza kijana wako asioe kwao, mwaka gani ule? Na wewe, na wewe pale. Hakuna nyumba humu iliyowahi kukaa nao meza moja. Sasa mnataka yaishie humu? Yalianzia wapi, kama si humu?"

Wali ulipoa masufuriani, watu wakaondoka mmojammoja bila kuagana vizuri. Aurelia akatoka barazani akaiweka rozari juu ya cherehani yangu. "Niwekee, Mwanahawa. Mikono yangu haiitaki." Niliishika, nikajikuta nahesabu, nikaitupa kwenye kopo la vifungo kana kwamba imeniunguza.

Kesho yake asubuhi tulichukua bodaboda mbili kwenda Mshangano. Aliniomba nimsindikize. Hilda alitaka kuja, akamkatalia; alimwambia aandike yale maneno kwenye karatasi kwa Kiswahili, ampe. Njia nzima nilimwona mbele yangu amekaa upande, karatasi ameishika kwa mikono miwili, haishiki hata pikipiki.

Saimon alikuwa uani anapukuchua mahindi. Ana miaka sabini na moja, kichwa cheupe, mwanya bado upo. Alipoona ni nani aliyeingia uani kwake alisimama upesi, mahindi yakamwagika kutoka mapajani. Miaka arobaini na zaidi wamekutana kanisani tu, wakitikisiana vichwa kwa mbali.

"Tumsifu Yesu Kristo," Aurelia akasema.

"Milele amina. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Au upo. Saimon, babu yako hakuuza watu."

Alimwambia yote akiwa amesimama, alikataa kiti. Alimwambia habari za punje, za ramani, za kapteni, kisha akaanza kumsomea ile karatasi. Penye hatua thelathini alinipa karatasi, nikamalizia mimi. Saimon alisikiliza ameshika gunzi mkononi. Nilitegemea apige kelele, au ashukuru, au alie. Hakufanya hata kimoja. Alikaa chini polepole.

"Alikwenda kutafuta chumvi," akasema.

"Ndiyo."

"Kweli alikwenda kutafuta chumvi."

Kisha akaanza kusema bila kutuangalia, na hilo ndilo lililotumaliza mimi na Aurelia. Sisi tulikwenda pale tukidhani tunawapelekea watu waliodhulumiwa habari wanayoijua, kwamba hawana hatia.

"Sisi tuliamini," Saimon akasema. "Mlidhani tulikuwa tunakataa? Baba yangu aliamini. Kila Kwaresma alikuwa anakwenda kuungama dhambi ya babu yake, kwamba tuliuza watu pangoni. Padre akamwambia, mzee, hiyo si dhambi yako. Akaona padre yule hajui kazi, akawa anakwenda kuungama parokia nyingine. Alikufa na dhambi hiyo mdomoni, Aurelia. Nilikuwepo. Aliniambia nisiache kuiombea msamaha, na sijaacha."

Aurelia alikuwa ameshika mdomo wake kwa kiganja.

"Na unajua kwa nini sikuja mara ya nne?" Saimon akaendelea. "Watu walidhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliona mna haki."

Aurelia Mapunda, ambaye sijawahi kumwona akimpigia mtu magoti, alipiga magoti pale juu ya mahindi. Mikono ile mikubwa ilikuwa imelala chini viganja juu, haina la kufanya. Mimi niligeuka nikatazama ukuta, na machozi yangu yalikuwa ya hasira, kwa yule Mzungu, kwa shangazi Adela, kwa huyu mzee aliyekubali, kwa wote.

"Inuka," Saimon akasema. "Inuka, utaumia magoti. Mimi sina haja ya magoti. Wanangu wako shambani hapo nyuma na wajukuu wamekuja likizo. Nimewalea kukaa viti vya nyuma kanisani. Nimewafundisha wasibishane na mtu kwenye mkutano. Mimi nikiwaambia haya watasema mzee anajitetea. Waambie wewe."

Akaita kuelekea shambani, kwa sauti ambayo bado ni ya kwaya. Aliyetokea kwanza ni binti yake mkubwa, Stumai, mwanamke wa miaka arobaini hivi, anajifuta udongo mikononi. Alipomtambua mgeni alisimama pale pale kwenye kona ya nyumba, mbali, akainamisha kichwa na kusema shikamoo kwa sauti ndogo kama mtu aliyekutwa na kosa.

Aurelia hakuitikia. Aliinuka, punje za mahindi zikimdondoka magotini, akamwendea mpaka alipo na kumshika mkono.

"Usiniamkie hivyo, mwanangu," akamwambia. "Njoo ukae nikueleze tulichowafanyia."